Kichwa cha Treni Kisicho na Maji

"Haoni vizuri, ndiyo, Shangazi. Ndiyo maana atapapasa. Akipapasa ubavuni akakuta pako tupu, tutamwambia nini?"

Hivyo ndivyo nilivyomjibu shangazi yangu jioni ile, nimesimama katikati ya chumba chetu cha mtaa wa Dengfeng, Guangzhou, kichwa cha treni mkononi. Kilikuwa kidogo, kama kiatu cha mtoto wa chekechea, cha chuma, kimepakwa kijani kikang'aa. Yeye alikuwa amekaa juu ya bando la jinzi anachagua mchele kwenye sinia. Tangu tutoke karakana alikuwa anarudia jambo hilo hilo moja, kwamba yule mzee macho yake yameisha, na mtu ambaye macho yameisha hana ubishi na umbo la kitu. Alikuwa anaisema ile sentensi kwa sauti ya mtu anayefunga duka.

"Atapapasa nini?" akasema. "Atapapasa chuma. Si aliagiza chuma? Hicho hapo chuma."

"Hakuagiza chuma. Aliagiza kichwa cha treni chenye matangi ya maji."

"We mtoto utakuja kuniua, na utanizika mwenyewe."

Kwenye kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja wa Lubumbashi, ambaye tulikuwa tunachangia naye chumba, na safari ile kontena pia. Alikuwa anajipaka mafuta miguuni. Akamwambia shangazi, kama vile mimi sipo, "Huyu mutoto iko na kichwa nguvu. Kwetu, mutoto wa namna hii banamurudisha kwa mama yake."

"Mimi namrudisha kwa ndege," shangazi akasema. "Uwanja wa ndege wa Baiyun hauko mbali. Metro inafika."

Ngoja nieleze ule ugomvi ulikotoka, maana ukiuingia katikati utadhani nilikuwa nagombania mwanasesere.

Shangazi yangu ananunua nguo Guangzhou na kuzipeleka nyumbani Tanzania. Mimi alinichukua nilipomaliza kidato cha nne, nimsaidie kubeba, kuhesabu mabando, kuongea na Wachina kwenye simu. Mteja wake mkubwa kuliko wote ni mama mmoja wa Moshi mwenye duka la nguo, na mume wa huyo mama ni mzee Mwingereza aliyekaa Moshi mpaka Kiswahili chake kimekuwa cha kwetu, isipokuwa kinakwenda polepole mno. Siku moja huyo mzee alimwomba mkewe amwombe shangazi amtafutie kitu ambacho siyo nguo.

Kitu chenyewe ni hiki. Kule kwao Uingereza, zamani, reli moja ilitengeneza aina fulani ya vichwa vya treni vya mvuke. Havikuwa vingi. Vilikuwa vidogo, vya kuvuta treni nyepesi za abiria, mabehewa mawili, pengine matatu, kwenye vile vijia vya reli vinavyokwenda kijijini na kuishia huko. Yeye akiwa mtoto alikuwa anapanda treni hiyo kwenda shule. Baadaye vyote vilikatwa vikauzwa chuma chakavu. Hakuna hata kimoja kilichobaki, hata cha kuwekwa mahali watu waende kukitazama. Wazee wenzake kule, wale waliopanda naye, walikuwa wanataka kila mmoja awe na kimoja kidogo cha kuweka ndani, na viwanda vya kwao vilikuwa vinawaambia oda yenu ni ndogo mno. Mzee akasema, Guangzhou hawakatai.

Kweli Guangzhou hawakatai. Tatizo la Guangzhou ni jingine kabisa.

Mimi treni sizipendi, niseme wazi. Mzee alikuwa anatuma sauti kwenye WhatsApp, sauti ndefu, anapumzika katikati, anakohoa, anarudi alikotoka. Nilikuwa nazisikiliza kwenye soko la nguo la Zhanqian Road huku nimebeba mabando, simu imechomekwa ndani ya kilemba, wanunuzi wananikanyaga, wasukuma mikokoteni wananipigia kelele nipishe, na mzee anasema, "Sasa binti, kabla hatujafika kwenye magurudumu, nataka uelewe asubuhi za kule zilivyo." Nilikuwa naongea peke yangu kama kichaa: Mzee, sema urefu! Sema urefu tu, mzee wangu!

Nikamwandikia siku moja, kwa heshima lakini kwa haraka, "Shikamoo mzee. Naomba vipimo tu."

Akanijibu kwa sauti. "Marahaba binti. Vipimo utapewa na kila mtu. Kwanza sikiliza."

Nikasikiliza, nimenuna. Na kwa sababu nimenuna nilisikia kila kitu, maana mtu aliyenuna hasahau. Akanieleza kwamba vichwa vikubwa vya mvuke vinavuta nyuma yake behewa dogo la maji na makaa. Bila maji hakuna mvuke, na bila mvuke hicho ni chungu tu kimewekwa kwenye reli. Lakini kichwa kikiwa na lile behewa nyuma hakiendi vizuri kinyumenyume. Kikifika mwisho wa reli lazima kigeuzwe, na kwenye vijiji vile hapakuwa na pa kukigeuzia. Ndiyo maana hiki cha kwao kilibeba maji yake mwenyewe, kwenye matangi mawili bapa ubavuni, moja kila upande, na makaa kwenye sanduku mgongoni kwa dereva. Kikifika mwisho kinazunguka tu upande wa pili wa mabehewa, kinafungwa, kinarudi kwa kutanguliza mgongo. Hakina mbele wala nyuma.

Yale matangi mzee alikuwa anayaita mashavu. "Usisahau mashavu, binti. Kikiwa hakina mashavu siyo hicho." Alisema alipokuwa mtoto alikuwa anaegemeza mkono pale kituoni kabla treni haijaondoka, na akawa anajua kwa mkono maji yamefika wapi, maana palipo na maji pana baridi. Mlinzi alikuwa anamfukuza. Kesho anaegemeza tena.

Sasa kosa lilivyotokea. Siku mzee alipotuma maelezo ya mwisho, mimi nilikuwa Baiyun, nimetumwa kupeleka nguo za haraka kwenye mizigo ya ndege. Simu yangu, ile ya kuongelea na karakana na mzee, niliiacha kwa shangazi, kwa sababu bosi wa karakana alikuwa anataka jibu siku ile ile. Shangazi akafungua sauti ya mzee. Shangazi hana subira kuliko mimi, na mimi sina. Alisikiliza mpaka pale mzee aliposema, "Hiki chetu hakina behewa la maji nyuma," akazima. Ameelewa. Baada ya pale ndipo mzee alipoanza kusema maji yanakaa wapi.

Karakana ilikuwa imetuma picha ya kichwa ambacho tayari wana kalibu yake ya kumiminia chuma, kikubwa, kirefu, na behewa lake la maji nyuma. Shangazi akachora mstari mwekundu kwa kidole kati ya kichwa na behewa, akatuma sauti kwa Kichina chake cha sokoni. Kata hapa. Rangi ya kijani. Basi.

Namwelewa alivyofikiri. Miaka yake yote ni ya nguo. Gauni la mikono ukiling'oa mikono linakuwa gauni la kukata mikono, unalipatia jina jipya na watu wananunua. Suruali ukiikata inakuwa kaptura. Hakuna nguo inayokufa kwa kukatwa. Kwa hiyo alikata treni kama anavyokata nguo, na kikatoka kitu ambacho duniani hakijawahi kuwepo, kichwa cha treni ya mvuke kisicho na mahali pa kuweka hata glasi moja ya maji.

Tulikwenda kuiona sampo, yaani kile cha mfano, siku ile ya ugomvi, asubuhi, metro mpaka mwisho halafu basi. Karakana ni ya mwanamke mmoja mwembamba anayetafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe. Alituwekea mezani sampo mbili zinazofanana. Nikachukua moja. Bomba la mviringo, limelala juu ya magurudumu, uchi. Mgongoni kwa dereva pamekatwa wima kama mkate. Mbele hakina hata ndoano ya kufungia behewa.

Nikasema, "Mashavu yako wapi?" kwa Kiswahili, kwa sababu hasira ilinitangulia. Halafu nikasema kwa Kichina, tangi, maji, hapa, hapa, nikipiga ubavu kwa kidole.

"Meiyou," akasema. Hakuna.

"Najua hakuna! Kwa nini hakuna?"

Akaisemesha simu yake, simu ikatafsiri kwa ile sauti ya kiroboti isiyo na aibu, "Shangazi alisema kata. Mimi nilikata." Akanigeuzia picha yenye mstari mwekundu.

Nikamtazama shangazi. Shangazi akatazama ukutani, palipokuwa na kalenda.

Ndipo nikaisikiliza palepale ile sauti ya mwisho ya mzee, ambayo nilikuwa nimemwachia shangazi, yote, nimesimama. Shangazi aliisikia pia. Ilipofika kwenye matangi alianza kutafuta kitu ndani ya mkoba, akatafuta mpaka sauti ikaisha, asitoe kitu.

Bosi hakuwa mjinga. Aliokota chini kipande bapa cha chuma, akakibandika ubavuni mwa kile kichwa, akafumba jicho moja. Inawezekana, akasema. Kutengeneza mashavu mawili, sanduku la mgongoni na ndoano ya mbele, kisha kuunga na kupaka rangi upya. Lakini ana kazi nyingine kubwa mbele, na kontena letu linafungwa wiki hii. Kwa kontena hili haiwezekani. Halafu akawa na wazo, uso ukamng'aa, akatuletea karatasi za stika. Anaweza kuchapisha picha ya tangi, akaibandika ubavuni. Haraka sana. Nzuri sana.

"Ee! Umeona?" shangazi akasema. "Keyi, keyi." Inawezekana, inawezekana.

"Mtu anayepapasa, Shangazi, unambandikia picha?"

Sasa hapa lazima niseme jinsi kazi ya huku inavyokwenda, kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini sikunyamaza. Huku sampo ikiwa tayari, mnunuzi anaigeuza, anaandika jina lake na tarehe tumboni kwa maka peni. Anasaini mbili. Moja inabaki karakana imefungwa nailoni, nyingine unaondoka nayo. Baada ya hapo maneno yameisha. Zikitoka zote kama ile yenye jina lako, hata ikiwa ni kilema, kilema ni chako. Na ukiikataa unaandika vilevile, palepale penye kosa, na jina lako chini yake, na hapo karakana haigusi kazi mpaka kosa liondolewe, maana ikitoa itakuwa imetoa kitu kilichokataliwa kwa maandishi. Shangazi hajawahi kukataa kwa maandishi. Yeye anakataa kwa mdomo, anapiga kelele, anainuka kama anaondoka, anarudishwa mlangoni, anapunguziwa, anasaini. Ndiyo biashara yake, na inamlisha, na imenilisha mimi.

Bosi akatoa maka peni, akanipa mimi. Oda ilipita kwenye simu yangu, kwa hiyo kwake mnunuzi ni mimi.

"Saini," shangazi akasema.

"Sisaini."

"Saini, tunachelewa basi."

"Saini wewe."

"Wewe ndiye uliyekuwa unaongea na mzungu wako kila siku, mashavu, mashavu. Leo unaniachia mimi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa anahitaji mkono wangu kwa sababu ya oda. Alikuwa anataka kule Moshi boksi likifunguliwa na maneno yakianza, jina lililo tumboni liwe la kwangu. Mtoto alikosea, mnajua watoto wa siku hizi.

Nikamwambia bosi, kesho. Bosi akatema ganda. Kesho mchana mwisho, akasema. Baada ya hapo mashine zinaingia kwenye ile kazi nyingine. Sampo moja akaibakiza mezani kwake, nyingine nikaondoka nayo, haina jina. Maka peni nayo nikajikuta nimeishika, na hakuniomba.

Kwenye metro tulikaa mbalimbali, na watu wakakaa katikati.

Ndiyo tukafika kwenye ule mchele.

"Mimi nimekulia Tabora," shangazi akasema, akirusha jiwe dogo pembeni. "Nimelala karibu na reli kabla mama yako hajajua kutembea. Unifundishe treni wewe? Za mvuke nimeziona kwa macho yangu."

"Uliziona zile kubwa za mizigo. Hiki siyo kile."

"Treni ni treni."

"Na gauni ni gauni? Ukiletewa la ubatizo wakati umeagiza la harusi utasema gauni ni gauni?"

Mama wa Lubumbashi akacheka, kisha akajikuta amecheka upande usio wake, akakasirika. "Weye, ngoja. Bintu byangu biko mu kontena. Kontena inangojea nini? Kintu ya kucheza! Batoto ya Lubumbashi banangojea masweta, weye uko unalilia treni ya muzungu. Non. Ça suffit, inatosha."

"Mama, samahani, sijasema kontena lisubiri," nikamwambia. "Kontena liondoke hata sasa hivi. Boksi la treni libaki. Likitengenezwa vizuri litakwenda safari ijayo."

"Ah bon?" Akamgeukia shangazi. "Sasa munagombana juu ya nini?"

Mama wa Lubumbashi akatutazama mmoja baada ya mwingine, akafunga kopo lake la mafuta, akasema, "Basi hii haiko mambo ya kontena," akageukia ukutani.

Shangazi aliweka sinia chini.

"Nikichelewesha nitasema nini?" akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Nitamwambia yule mama wa Moshi kwamba sikumsikiliza mume wake? Nilimkata katikati kama tangazo la redio? Unajua yule mama alinishika mkono wakati gani? Wakati kaka zangu, baba yako mmojawapo, wananiambia biashara ya China ni ya wahuni. Yeye ndiye alisema nenda, nitanunua utakachokileta. Halafu mimi mume wake namkata."

Ningeweza kumwonea huruma. Nilimwonea, kidogo. Lakini alikuwa amenionea mimi mchana kutwa, na huruma yangu ilikuwa imeshapungua.

"Basi mwambie hivyo hivyo," nikasema. "Mwambie ulikuwa na haraka. Kila mtu ana haraka. Mzee mwenyewe anajua anaongea polepole."

"Mimi niombe msamaha kwa kidude?"

"Kidude gani? Mtu amekaa miaka yote hiyo akikumbuka kitu kimoja, hakuna kilichobaki cha kushika, sisi ndiyo tumshikishe bomba?"

"Ongea taratibu! Unaongea na nani?"

Na simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mzee. Sijui kwa nini niliifungua, pengine kwa sababu nilikuwa na hasira na nilitaka mtu wa tatu.

"Habari za jioni, binti. Mke wangu ameniambia leo mlikuwa mnakwenda kuiona. Sikusumbui. Nataka kujua kitu kimoja tu, halafu nakuacha upumzike. Ina mashavu?"

Nikabonyeza kujibu. Shangazi aliinuka kutoka kwenye lile bando kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwake, akaninyang'anya simu, akaiweka mdomoni, na ile sauti yake ya sokoni, tamu, ya kuuzia, ikatoka.

"Shikamoo mzee wetu! Ni mimi shangazi yake. Imetoka nzuri mno, mno, vile vile ulivyotaka. Mashavu kama ya mtoto mchanga! Usiwe na wasiwasi kabisa."

Ikaondoka. Alama mbili za bluu zikatokea hapo hapo, mzee alikuwa ameshika simu anangoja.

Jibu likaja fupi, na kwa mzee yule kitu kifupi ni ajabu. Alikuwa anacheka. Alisema, "Ahsante. Ahsanteni sana. Basi nitawaambia wenzangu leo leo. Na mke wangu atanipa nafasi pale dirishani, aondoe yale maua yake."

Nyuma ya sauti yake nilimsikia mke wake akisema kwa mbali, "Maua yangu hayaondoki!" na mzee akicheka tena, mpaka sauti ikakatika.

Shangazi akanirudishia simu bila kunitazama.

"Imeisha," akasema. "Sasa kusaini ni lazima, ameshaambiwa. Kesho tunakunywa chai, tunakwenda, unasaini. Usiposaini nitasaini mimi kwa jina lako. Mchina anajua mwandiko wako? Halafu unafungasha, unarudi kwa baba yako ukamfundishe yeye treni."

"Umemdanganya mzee."

"Nimemfurahisha. Wewe hujawahi kumfurahisha mtu, ndiyo maana hujui inavyokuwa."

Hilo liliniuma, na lilikusudiwa. Nililijibu kwa kitu ambacho sikiandiki hapa, siyo kwa sababu najuta, ila kwa sababu kilimhusu marehemu mume wake na hakikuwa na uhusiano wowote na treni. Mama wa Lubumbashi akasema ukutani, "Mungu wangu." Tukala ule wali. Shangazi alinipakulia kama kawaida, tena alinipa ukoko, kwa sababu anajua naupenda, na aliusukuma ule ukoko kwenye sahani yangu kwa nguvu kama anampa mbwa.

Baada ya kula niliketi na kile kichwa cha treni magotini. Nikafumba macho. Nilikuwa nataka kujua mzee atakutana na nini. Nikaanzia mbele, kidole kikateleza kwenye duara la bomba, kikashuka, kikakuta hewa, kikaangukia magurudumu. Upande wa pili vivyo hivyo. Mgongoni kwa dereva, ukingo wa kukatwa, mkali, unakwaruza. Hata mimi nisiyejua treni vidole vyangu vilijua kwamba kuna kitu kimeondolewa. Yeye atajua kabla hajamaliza kukitoa kwenye boksi. Na kwa jinsi nilivyomfahamu hatasema. Atamwambia mkewe ni kizuri sana, atakiweka dirishani, atatuma sauti ya ahsante. Wenzake kule watapata vya kwao na wao hawatasema, kwa sababu ni wazee wa adabu. Shangazi atasema, uliona? Hakuna aliyelalamika.

Nikafikiri vilevile juu ya kuondoka. Sikuwa na hamu ya kurudi. Nyumbani watauliza China umeleta nini, na nitakuwa nimeleta ugomvi. Nilikuwa nimeanza kuzijua njia za huku, maduka ya ghorofani Zhanqian Road yanayouza bei ya kweli, nilikuwa naanza kusoma herufi zao kwenye vibao. Nilipiga hesabu ya vyote hivyo, na kila nilipomaliza kidole kilikuwa kimerudi pale ubavuni, kwenye hewa.

Nikaitoa ile maka peni mfukoni, nikaijaribu kwenye kucha. Inaandika.

Nikaamua. Asubuhi, kabla shangazi hajainuka kuweka chai, nitatoka na hii sampo, nitapanda metro mpaka mwisho na lile basi, nitakuwa mlangoni kwa yule mwanamke wa mbegu za alizeti kabla hajafungua. Sampo zote mbili nitaziandika, hii na ile ya kwake, siyo tumboni bali ubavuni, kulia na kushoto, palepale yanapotakiwa matangi. Nitaandika "buxing", haifai, kwa zile herufi mbili za Kichina ambazo nazijua vizuri kuliko zote kwa sababu nimekuwa nikiambiwa mimi kila siku tangu nifike, na chini yake jina langu lote, la kwangu, la baba na la ukoo, ili asiwepo mtu wa kuniandikia. Nikishatoka pale, nikiwa kituo cha basi, nitampigia mzee. Sitamtumia sauti, nitampigia, na nitamwambia mashavu bado. Na begi langu nitalifunga kabla sijatoka, nilisimamishe mlangoni, ili shangazi akiamka asipate taabu ya kunifungia.